Hodi ya Mkato

Jamani, leo nimeaibika, tena shahidi alikuwa kwenye simu akisikia kila kitu!

Mimi na Kahindi, mwenzangu kazini huku Kilifi, tunaandika programu kwa lugha ya C. Wiki nzima tumegombana. Kabla programu haijafuata pointa, yaani kielekezi cha mahali data ilipo, lazima ikague kwanza isiwe ni NULL, yaani haielekezi popote. Usipokagua, programu inakufa papo hapo. Hapo tunakubaliana. Ugomvi ni namna ya kuandika. Mimi napenda mkato: `if (!p)`. Kahindi anataka kirefu: `if (p == NULL)`. (Ndiyo, watu wazima tunanuniana kwa hili.)

Leo nilikuwa Malindi, kwa kina Rukia, binti ninayetaka kumuoa. Mama yake, Bi Amina, alitaka kuniona kabla hajakubali wazee wangu waje kuposa. Nimevaa kanzu mpya, halwa mkononi. Nafika mlangoni, Kahindi anapiga simu. Ugomvi ukaanza upya!

"Kukagua ni lazima!" nikafoka. "Lakini ni kama hodi, Kahindi! Hodi moja fupi yatosha!"

Nikasukuma mlango. Nikaingia.

Hodi yenyewe sikupiga. (Hata hiyo fupi!)

Bi Amina alikuwa mkekani, kichwa wazi, nusu kimesukwa, nusu kimejaa mafuta ya nazi. Nami nimesimama juu ya mkeka huo huo. Na viatu.

"Weee! Toka!" Akajifunika ungo. "Waingia nyumba za watu kama njia?"

Nilitoka mbio! Simuni Kahindi anauliza taratibu, "Salim, hukukagua?"

Nikajikaza. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Ya tatu. Kimya. Na ya tatu isipojibiwa, mtu huondoka.

"Imerudi NULL," akasema Kahindi. "Rudi nyumbani."

Nikageuka niende zangu, Rukia wangu ndio basi. Ndipo Bi Amina akaita kutoka ndani: "Hodi gani hiyo ya mkato? Piga hodi ya watu!"

"Hodi, hodi wenyewe! Assalaam aleikum! Shikamoo mama! Ni mimi Salim, mwana wa Omari, naomba ruhusa niingie!"

"Wa aleikum salaam. Marahaba. Karibu. Viatu nje."

Wazee wameruhusiwa kuja Ijumaa! Nami jioni hii nimebadilisha mistari yangu yote, sasa ni `if (p == NULL)` mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe ameamua.

Kahindi, ukicheka siku ya harusi, pilau huli.