Mama Theodory na Mtambo wa Kati

Jumatatu, 6 Septemba 2021

Wiki ya ushindi wangu! Meneja wetu, Mzee Marseli, ametangaza kwamba Ijumaa bodi ya ushirika inakuja kuona mfumo ukifanya kazi, kisha itateua Mkuu wa TEHAMA. Mkuu! Ushirika mzima wa mbaazi hapa Babati una watu wawili tu wa kompyuta, mimi na Romana. Romana amekuja juzijuzi kutoka Moshi na tayari anaitwa mtaalamu. Mimi niliyevuta nyaya darini kwenye mavi ya popo naitwa Theo wa printa.

Lakini mtambo wa kati ni wangu. ESB, kwa Kizungu! Bila huo mizani ya ghala la Bagara haielewani na orodha ya wanachama, wala orodha haielewani na mfumo wa kutuma meseji. Kila kimoja kinasema lugha yake. Mtambo unakaa katikati, unapokea, unatafsiri, unapeleka. Anayetaka kupita anapitia mlango maalumu, ndiyo API yenyewe, na funguo za milango yote ninazo mimi.

Mkakati: Romana asipite.

Jumanne, 7 Septemba

Romana kaomba ufunguo wa mlango wa wanachama. Nikamwambia aandike barua. Akaandika. Nikasema haina muhuri. Akaleta muhuri! Nikampa ufunguo shingo upande, ila nikauwekea kikomo: maombi matatu kwa saa, la nne linaambiwa lisubiri. Mchana kutwa kasubiri. Mzee Marseli akauliza mbona kazi ya binti haiendi. Nikasikitika kwa sauti, nikasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Romana ataingia tu.

Jumatano, 8 Septemba

Kikao. Romana anataka kila mwanachama atambuliwe kwa namba ya kadi yake. Nikasema namba ni za wafungwa na ng'ombe wa mnadani. Wazee wakacheka, wakapiga makofi. Nikaahidi kwamba mtambo wangu utawatambua watu kwa majina, kwa heshima.

Tatizo dogo ni Halidi, karani wa mizani. Haandiki jina la kwenye kadi, anaandika mtu anavyoitwa. Mama Nickson. Baba Amira. Nikamwambia aache. Akaniamkia vizuri, shikamoo kaka, kisha akasema hawezi kusimama mbele za watu akamwita mama wa mtu kwa jina la kadi, eti Bernadina, huko ni kutafuta kofi.

Nikapata dawa peke yangu. Kanuni moja ndani ya mtambo: neno Mama au Baba likitangulia jina, linafutwa. Linabaki jina tupu, linatafutwa kwenye orodha. Romana akachungulia, akauliza: Mama Nickson ukimwondolea Mama, anabaki nani? Nikamwambia anabaki mwanachama. Wivu huo!

Alhamisi, 9 Septemba

Sikufanya majaribio. Majaribio ni ya wasiojiamini. Nilikwenda Sigino kumwomba Mama alete mbaazi zake kesho, ziwe za kwanza kupimwa mbele ya bodi.

Mama akatabasamu. Hii ni mara yake ya kwanza kuuza kwa kadi yake mwenyewe. Miaka yote kadi ilikuwa ya marehemu Baba. Baba Mdogo, mdogo wa marehemu, tangu msiba haachi kusema kwamba shamba ni la mtoto wa kiume na mjane apishe. Huyo Baba Mdogo yuko kwenye bodi. Mama anataka shemeji yake huyo amsikie yeye akitajwa, kwa mazao ya jembe lake mwenyewe. Nikamwambia aniachie mimi. Akaanza kupepeta mbaazi upya, na zilikuwa safi tayari.

Mimi pia nimo kwenye orodha. Baba aliniandikisha nikiwa shule. Sijawahi kupeleka hata debe.

Ijumaa, 10 Septemba

Siku mbaya. Niandike haraka.

Bodi wamekaa, soda mkononi. Mama kavaa gauni la Pasaka. Magunia yakapanda mizani. Halidi akaandika Mama Theodory. Skrini kubwa ukutani ikaandika: "Mzigo wa THEODORY umepokelewa." Meseji ikalia. Mfukoni mwangu!

Baba Mdogo akasimama, akapiga makofi. Akasema hatimaye serikali imeleta mashine inayojua mila. Mzigo uliofuata ulikuwa wa Mama Nickson. Nickson, naye yumo kwenye orodha, akapiga simu kutoka chuoni Dodoma kuuliza amelima lini.

Romana akakimbilia kurekebisha kwa namba ya kadi ya Mama. Ombi la kwanza, la pili, la tatu. La nne likaambiwa lisubiri saa nzima. Akanigeukia, na bodi nzima ikanigeukia. Funguo zilikuwa kwangu, ndiyo, lakini neno la siri la mtambo likanitoka kabisa.

Mama akaniuliza kama ni mimi niliyefanya hivyo. Nikasema ni mfumo. Akauliza mfumo umeandikwa na nani. Akachukua mkoba wake akaondoka, na Baba Mdogo bado anacheka.

Romana ndiye Mkuu.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimehamishiwa Nakwa, kugawa magunia matupu. Romana ameshinda kazini akirudisha mizigo ya watu kwa wenyewe, mmoja mmoja. Ameanza na wa Mama.

Mama alikwenda mwenyewe kwa Halidi. Hakudai chochote. Alimwambia kuanzia leo yeye ni Mama Christina. Christina ni mdogo wangu, wa mwisho! Mzazi huitwa kwa kifungua mimba, Babati nzima inajua hivyo. Wapagazi wameshaanza kumwita hivyo, hata muuza chai.

Imeniuma. Ukuu haukuniuma hivi.

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani Mama alikaa benchi la mbele na Christina. Nilimwamkia mlangoni. Akaitikia marahaba kama anayemwitikia mpita njia.

Nimefikiri sana. Kosa ni la Romana: kama angeomba mara tatu tu, kila kitu kingekwenda sawa. Na huyo Mkuu hata neno la siri la mtambo hajabadili! Nimelikumbuka wakati wa mahubiri. Nikaingia mtamboni.

Kazi ya mtambo si kutafsiri? Nimeongeza kanuni: likija Mama Christina, ligeuzwe kuwa Mama Theodory. Nimeiweka juu kabisa, ianze kabla ya ile ya zamani. Ile ya zamani, ya kufuta neno Mama, Romana anasema ataiondoa kesho mchana, mimi sijaigusa. Ni kazi nzuri.

Kesho asubuhi Mama anapeleka magunia yaliyobaki. Ataangalia ukutani, atajua mwanawe hajamsahau. Nimemwalika na Baba Mdogo aje ashuhudie.