Nyundo Ndani ya Boksi

Jumatatu, 5 Aprili 1993
Nimepata! Kaseti mpya kutoka Lubumbashi, na juu ya boksi uso wa Rok Baldano, ambaye Kolwezi nzima tunamwita Nyundo. Uso mkubwa kama beseni. Jina lake juu ya jina la filamu, herufi za dhahabu. Muuzaji alinifungulia siri ya wenye studio kule Amerika: hadithi mpya haijulikani na mtu, uso unajulikana. Basi wao wanauza uso, hadithi inafuata nyuma kama mkia. Watu wenye akili. Watu kama mimi.

Ukumbi wangu wa video ni mtupu tangu kampuni iache kulipa wachimbaji. Noti hazinunui kitu siku hizi, kwa hiyo kiingilio ni kopo la mahindi. Mke wangu Henriette anauliza kama nimefungua sinema au banda la kuku. Atanyamaza Jumamosi.

Jumanne, 6 Aprili
Nilikwenda stesheni kumwona Tshilombo, mchoraji wa mabango yangu. Anaishi pale chini ya turubai, yeye, mkewe Mbombo na watoto, pamoja na umati wa Wakasai wanaongoja treni. Wamefukuzwa na wanaojiita wenyeji wa hapa, kwa kuwa wazee wao walitoka Kasai. Wanaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Tshilombo alizaliwa hapa, tuliiba mapera pamoja, Kasai hajawahi kuiona hata kwa picha. Inaniuma. Inaniuma sana.

Lakini biashara ni biashara. Tulipatana: yeye achore Nyundo, mimi nimletee mahindi yote ya Jumamosi, yawe chakula cha njiani. Inasemekana treni inaweza kukaa porini wiki nzima. Tshilombo aliuliza kama nimeitazama filamu yenyewe. Nilimjibu kwamba studio haitazami, inauza. Alicheka. Mbombo hakucheka. "Tata Omer, ile mahindi itafika kweli?" Nikaapa kwa kaburi la baba.

Jumatano, 7 Aprili
Bango ni tamu! Tshilombo alilichora palepale stesheni, juu ya shuka ya Henriette (hajui), na wasafiri wote wakitoa shauri kuhusu pua. Nimelitundika sokoni. Watu wanasimama, wanainua vichwa.

Kalumba, mwenye ukumbi wa ng'ambo ya barabara, alilitazama. Kabla ya jioni naye akatundika Nyundo wake, kazi ya mkono wake mwenyewe. Anafanana na mama mkwe aliyeota masharubu. Na filamu yake ni ya karate, Nyundo hayumo hata kidogo! Mwizi. Wangu angalau yumo.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili
Henriette amegundua shuka. Sitaandika alichosema siku takatifu kama hii.

Umeme hakuna tangu juzi. Petroli ya jenereta inatosha onyesho moja tu, kwa hiyo filamu siwezi kuijaribu. Henriette naye akauliza kama nimeitazama. Jamani, mji mzima una swali moja! Nilimwonyesha boksi. Alisema boksi si filamu. Mwanamke hajui biashara.

Jumamosi, 10 Aprili
Ulijaa! Hadi madirishani! Magunia mawili ya mahindi mlangoni. Wateja wa Kalumba waliniamkia kwa heshima.

Sasa, hapa kwetu kila mtu anajua sheria. Aliye kwenye bango ndiye akteri, na akteri hafi. Bandia, yaani majambazi, wanakufa. Rafiki wa akteri anakufa, ili akteri apate hasira. Akteri mwenyewe, kamwe.

Nyundo akaingia. Makofi, miluzi. Akala yai. Akapiga simu. Akapigwa risasi.

Nilisema amezimia. Wakamzika. Nilisema jeneza ni tupu, ni ujanja wake. Mvua ikanyesha juu ya kaburi, na mama mmoja mzungu akaanza kugombania nyumba na kaka zake mahakamani. Nikapaza sauti kwamba wangoje, kesho ni Pasaka, atafufuka! Mzee Mbuyu, katekista, akaniamuru niketi. Mzungu aliendelea na nyumba yake karibu saa nzima. Sasa nimeelewa: studio ilimwita Nyundo asubuhi moja tu, ikamlisha yai, ikapiga picha ya boksi.

Mado, muuza karanga, ndiye aliyesimama kwanza. "Akteri hafwake! Rudisha mahindi yetu!" Ukumbi wote ukaitikia. Nilikwenda nyuma ya jenereta ili nipate nafasi ya kufikiri.

Henriette akakaa juu ya magunia. Aliwaambia mahindi haya si ya Omer, ni ya Tshilombo na watoto wake, kwa safari. Anayetaka kopo lake aende kulidai stesheni, mikononi mwa wale watoto. Ni mteja mmoja tu, Kabemba, aliyechota la kwake akaondoka bila kutazama watu. Mado akaniambia, "Mahindi ibakie, lakini we uko muongo wa kwanza Kolwezi muzima!" Nikatoka nyuma ya jenereta kuwashukuru. Ilikuwa mapema mno: nilipigwa kiatu.

Pasaka, 11 Aprili
Baada ya misa nilipeleka magunia kwa baiskeli. Treni ilikuwa imefika! Watu juu ya mabehewa, masufuria, magodoro, bibi mmoja juu ya kiti chake. Mbombo alitia mkono ndani ya gunia, akashika mahindi, akasema "Aksanti, Tata Omer." Basi. Sijawahi kulipwa vizuri namna ile.

Nikakuta Mado ameleta karanga. Mzee Mbuyu ameleta chumvi. Tshilombo aliuliza filamu ilikuwaje. Nilisema watu walilia. Alinitazama, akaelewa yote, akacheka mpaka akashika ukuta wa behewa. Kisha treni ikatembea. Nililia mbele ya watu, na suti nimevaa. Nampenda yule mtu, na waliomfukuza sitawaelewa mpaka nife.

Jumanne, 13 Aprili
Nimetulia, nimefikiri. Kwa nini watu waliacha mahindi yao? Kwa nini walikwenda hadi stesheni na kuongeza? Henriette anasema ni huruma, na haya kidogo. Hapana! Ni uso. Ulichorwa vizuri hivi kwamba hata akifa bado watu wanalipa. Wenye studio wangenielewa mara moja.

Kwa hiyo Jumamosi naonyesha kaseti ya harusi ya binamu yangu Kalombo, iliyofanyika kule Mutshatsha, yote, pamoja na hotuba. Bango ni lilelile, nabadilisha tarehe tu. Safari hii hakuna hatari: Nyundo hayumo kabisa, hakuna wa kumuua.