Muuza Nyama Kula Dengu Hadharani

Kwa Afisa Lishe,
Chumba cha mwisho, mkabala na mizani ya watoto,
Zahanati ya Mtaa.

KUHUSU: HASARA, AIBU NA DENGU

Ndugu Afisa,

Kabla ya yote naomba tuelewane. Barua hii namwandikia yule anayekaa nyuma ya meza, mwenye koti jeupe na ile picha ya ukutani ya karoti inayotabasamu. Simwandikii shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kwangu juzi akamaliza ndizi zangu mbivu zote, kisha akanicheka mpaka akashika ukuta. Huyo nitamsalimia mwishoni, kama moyo wangu utakuwa umepoa. Hapa naongea na ofisi.

Mimi ni muuza nyama. Baba yangu alikuwa muuza nyama, na gogo ninalokatia leo ndilo alilokatia yeye. Limebonyea katikati kwa mapigo yake na yangu. Nimekula nyama tangu nilipoota meno, na siku zote hizo tulikuwa tunaelewana vizuri. Ghafla kidole gumba cha mguu wa kulia kikavimba, kikawa chekundu, kikawaka moto, shuka likikigusa tu napiga yowe. Kuvaa kiatu ilikuwa ndoto. Jirani yangu fundi wa mabomba, ambaye mtaa mzima tunamwita Bomba, alinipakia kwenye toroli langu la nyama akanisukuma kupanda kile kilima hadi kwenu. Njiani watu wawili walimuuliza bei ya kilo.

Daktari akasema ni jongo, akaandika dawa, akanituma chumbani kwako. Wewe ukasema niweke nyama kando, hasa maini na figo, nile vinavyoota ardhini na ninywe maji mengi, la sivyo kidole kitanirudia kila mara, na mwisho wake nitauza nyama nimekaa kitini kama alivyomalizia marehemu baba yangu. Hapo kwa baba uliniweza. Nilitii siku hiyo hiyo. Ila hukuniambia utiifu huo utamgharimu nini mtu wa kazi yangu, na sasa duka la baba linakaribia kufungwa huku mtoto wake ana afya. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Karanga. Uliniorodheshea maharage, kunde, dengu na karanga. Karanga sijawahi kuzipenda, lakini agizo ni agizo, nikatia konzi moja mdomoni. Kabla sijamaliza kutafuna midomo ilitutumka, shingo ikawasha, macho yakabaki vijitundu. Mteja aliyeingia wakati huo alinipa shikamoo, na huyo ananizidi umri. Nakiri ulikuja mbio uliposikia, tena umevaa ndara za bafuni, ukanikimbiza kudungwa sindano, ukasema huo ni mzio na karanga nisizisogelee tena maishani. Ulizikata kwenye karatasi yangu kwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka. Hata hivyo, mtu aliyeponea chupuchupu ana haki ya kuliweka jambo lake namba moja.

2. Maziwa. Ya ng'ombe tumbo langu liliyakataa tangu utotoni. Dada yako anajua, na baada ya ile sherehe ya kumaliza shule mtoto wetu, ukoo mzima unajua. Ukanipa ya soya. Hayo tumbo limeyapokea bila neno. Sina malalamiko katika namba hii, ila nilikuwa nimeshaiandika namba.

3. Maharage. Siku za mwanzo niliyala kama mtu anayelipiza kisasi, sahani kwa sahani. Sasa chumba changu cha baridi ni kidogo, na mlango wake ni mzito, unajifunga wenyewe. Siku hiyo niliingia humo na mkaguzi wa afya. Sitaeleza zaidi, maana barua hii inaweza kusomwa na watu wenye heshima zao. Mkaguzi alitoka kabla ya kumaliza, akaandika kwamba nyama ni safi sana ila hewa ichunguzwe. Baadaye ndipo uliponieleza kwamba maharage unayaloweka usiku kucha, unamwaga yale maji, unapika yakaiva hasa, na unaanza na vijiko vichache tumbo lizoee. Maelezo ya namna hiyo, Afisa, hutolewa kabla.

4. Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Mimi hula chakula cha mchana dukani, nimesimama, bakuli likiwa pembeni ya gogo. Mchana mmoja nilikuwa na dengu zangu zilizopikwa na nyanya na tangawizi, akaingia mwalimu mstaafu, mteja wangu wa tangu enzi za baba, kuchukua nusu kilo yake ya steki. Akatazama bakuli. Akatazama nyama kwenye kulabu. Akanitazama mimi. Akaniuliza kama kweli hiyo nyama ninayowauzia mimi mwenyewe siili. Kwa kuwa nimelelewa nisiseme uongo, nikamjibu kwamba daktari amenikataza kabisa. Nilidhani nimejieleza. Mwalimu alifunga mkoba wake taratibu, akanitakia mchana mwema, akatoka mikono mitupu.

Huyo alifundisha hesabu maisha yake yote, kwa hiyo aliipiga palepale. Jioni mtaa wote ulikuwa na jibu: muuza nyama haigusi nyama yake, bila shaka kuna kitu anakijua. Nenda kamwulize seremala kwa nini analala chini uone kama utanunua kitanda chake!

5. Nimepungua. Wewe ulipiga makofi pale kwenye mizani, nikawa najiona shujaa. Laiti ungejua! Tumbo langu, Afisa, ndilo lilikuwa bango la duka. Lilisimama mlangoni likisema humu ndani watu wanashiba. Sasa suruali nimezifunga kwa mkanda uliozunguka hadi mgongoni, na watu wanaongea. Wengine wanasema nina maradhi ninayoyaficha. Wengine wanasema nimefilisika. Mama mmoja alikuja nyumbani kumpa pole dada yako, akamshika mkono, akanong'ona kuulizia kama siku ikifika lile friji kubwa litauzwa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo sebuleni! Wakati huo muuza nyama mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake, ameweka kiti mlangoni kwake. Anatafuna mbavu kutwa nzima huku ananitazama, halafu analamba vidole, kimoja kimoja, hana haraka.

6. Nikaona heri nijiongeze. Kama wateja wanataka kuona mtu akiila nyama yangu, watamwona. Nikamwomba Bomba kila mchana akae mbele ya duka, ale nyama yangu mbele ya watu, na afute mdomo kwa namna ya kuonekana. Bomba aliipokea kazi hiyo kwa roho yake yote. Mabomba ya watu yalivuja wiki nzima. Alianza na steki, akahamia kwenye maini, kisha figo, ambazo aliziomba kwa kinywa chake mwenyewe, kila siku, na supu juu. Akanawiri. Mashavu yakang'aa. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja, na muuza nyama wa ng'ambo akaingiza kiti chake ndani. Nikasema afadhali, duka limepona.

Asubuhi moja Bomba hakutokea. Akaletwa kwenu kwa toroli lile lile, kupanda kilima kile kile, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe, akipiga yowe kila gurudumu likigusa jiwe. Kidole gumba. Cha kulia. Najua umekiona, maana ofisi yako imempa karatasi ile ile niliyopewa mimi, isipokuwa yeye amebakiziwa karanga. Unajua mtaa ulisema nini? Kwamba mwenye duka aliikwepa nyama yake akapona, na aliyeila akabebwa. Siku ile sikuuza hata mfupa wa mbwa.

7. Dada yako. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu naishi naye. Alipoona nimekaa dukani peke yangu nahesabu nzi, na hata nzi walikuwa wachache kwa kuwa duka langu ni safi, alibeba sufuria yake kubwa akaja kupikia dengu pale pale dukani, kwenye jiko la kona, ati nisijisikie mpweke. Harufu ikatoka nje. Waliokuja kuchungulia kama bado niko hai wakaomba kuonja. Walioonja wakarudi na vyombo. Akaleta benchi. Hakuniuliza! Sasa kila mchana kuna foleni dukani kwangu, foleni ya kweli, ya kusukumana, na watu hao wote wameipa mgongo nyama yangu. Nimewasikia kwa masikio yangu wakiitana barabarani, twende kwa muuza nyama tukale dengu. Baba angesikia hilo, angeinuka na kile kiti chake.

Kwa hayo yote naiomba ofisi yako ifanye mambo haya. Kwanza, iniandikie cheti cha kuniruhusu kula kipande kimoja cha nyama ya kuchoma kila mchana, hadharani, kwa sababu za kikazi, na kiwe na muhuri mkubwa ili kidole nacho kikiheshimu. Nasema hivyo kwa kuwa nilijaribu kujipa ruhusa mwenyewe kwa figo moja tu, nyuma ya mlango wa chumba cha baridi, na kidole kikanijibu siku hiyo hiyo. Kama cheti hakiwezekani, basi zahanati iniazime mtu wake mmoja mnene, mwenye afya njema, aje kula mbele ya duka. Daktari wenu mkuu atafaa sana, na sitamdai chochote. Pia ofisi itoe tamko rasmi kwamba chakula cha mgonjwa kisiwe kitamu kuliko cha mtu mzima wa afya, na nakala apelekewe dada yako.

Nisipopata jibu, nitarudia maini, na kidole kitakachotokea nitakuja kukiweka juu ya meza yako ukitunze wewe.

Nakutumia heshima zangu zote, ingawa nazo zimekonda. Nisalimie daktari, muuguzi wa sindano mwenye mkono mwepesi, karani wa dirishani anayeniita Mzee Toroli, mwambie nimesikia, wale akina mama wa kliniki ya watoto walionipisha kwenye foleni nilipokuwa nalia, na hiyo karoti ya ukutani, ingawa sioni inachokichekea.

Ni mimi,
Muuza nyama, mwenye duka kwa sasa.

Nyongeza: Shemeji, sasa naongea na wewe. Barua hii ilikaa mfukoni siku kadhaa na mambo yamesogea kidogo. Wale wa dengu wanakaa kwenye lile benchi mchana kutwa, wananiona nikipokea nyama, nikiosha, nikikata, na wakiondoka wanafungiwa nyama ya kupeleka nyumbani. Mwalimu amerudia nusu kilo yake. Hata wa ng'ambo ya barabara alituma mtu na bakuli, akadhani sitalijua bakuli lake. Basi hicho cheti usihangaike nacho, na tamko nalo liache, dada yako asije akaacha kuweka tangawizi.

Halafu siku ile uliuliza nani alimsukuma Bomba. Ni mimi. Kilima chote, Shemeji, na Bomba alivyonenepa, nimevaa vile viatu vyeusi vya kufunga kamba, vyote viwili, na sikusimama hata mara moja kupumzika. Hukuniona kwa sababu nilijificha nyuma ya tangi la maji, nalia kama mtoto. Baba alipofika umri wangu alikuwa anamwita mama aje kumfungia mlango wa duka, kwa kuwa hawezi kufika. Nafasi yangu ya kliniki usiifute. Na kesho njoo mchana, kuna bakuli lako, ila wahi, maana Bomba siku hizi anakula mara mbili.