Kijivu cha Maafikiano

Ilitangazwa kwa taifa zima, au angalau kwa ghorofa zote nne za Ofisi ya Malango ya Serikali mjini Utrecht, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna neno la programu litakaloruhusiwa kung'aa kuliko mwenzake.

Jildou Brandsma alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama mapokezi, akingoja mtu wa kumtoa nje. Yeye ndiye aliyetunza programu ya lango, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python. Humo kila mtu ana mstari wake, na kando ya jina kuna kidokezo cha aina: mtumishi au mgeni. Kwenye mstari wa Jildou kuna mtu alikosea, akaandika mahali pa aina maneno matupu, yasiyo mtumishi wala mgeni. Programu ikikosa aina, humhesabu mtu kuwa mgeni, na mgeni hatoki bila mwenyeji anayemzidi cheo. Basi kila jioni Jildou alichelewa kumchukua mwanawe, Sietse. Walezi wa kituo cha watoto walikwishamwambia: ukichelewa tena, nafasi yake anapewa mwingine.

Kugusa mstari wako mwenyewe ni marufuku. Huko ni kujipendelea. Wenzake nao hawakuliona kosa, kwa kuwa kihariri chao, yaani programu ya kuandikia, kilipaka kila kitu rangi moja. Ombi lake kwa kamati lilikuwa dogo: vidokezo vya aina viwe kijani, na maneno matupu yaliyojipenyeza humo yawake rangi ya chungwa.

Kamati ikaketi. Kahawa, na biskuti moja kwa kila mjumbe.

"Chungwa?" Mkurugenzi Van Wezelaar alishtuka. "Hiyo ni rangi ya sikukuu ya mfalme. Siku nyingine ni kujishaua tu."

"Lakini bosi, kosa halionekani."

"Na ndiyo uzuri wake. Kosa lisiloonekana halimuudhi mtu."

"Linaniudhi mimi! Mtoto wangu ananisubiri, koti kashavaa, kasimama mlangoni."

"Tumekusikia, Jildou. Tumekuheshimu. Tuendelee."

Mjumbe mmoja akaachia buluu, wa pili akaachia kijani, wa tatu zambarau, kila mmoja kwa moyo wa kusikilizana. Kikabaki kijivu. Hakuna aliyekipenda, na hivyo ndivyo walivyojua kwamba ni haki.

Ili kuonyesha utulivu wa kijivu, Mkurugenzi alikunja mikono ya shati akahariri mstari wake mwenyewe. Marufuku ilisimamishwa kwa madhumuni ya maonyesho. Mahali pa aina aliandika vyeo vyake vyote, kimoja baada ya kingine.

"Mnaona? Panasomeka kama ziwa."

Wakampigia makofi. Kila kitu kilikuwa kijivu.

Jioni hiyo Jildou alikuwa mapokezi kama kawaida yake, Mkurugenzi alipogusisha kadi yake langoni. Lango likalia.

"Mgeni," alisoma mlinzi, Bwana Sewnarain. "Mwenyeji wako nani?"

"Acha utani, Sewnarain. Si unanijua?"

"Nakujua vizuri, bosi. Ila humu hakuna anayeng'aa kuliko mwenzake. Tangazo lako hilo hapo ukutani."

Mkurugenzi akanyakua simu, akawapigia wajumbe mmoja mmoja, wengine wakiwa juu ya baiskeli. Maafikiano yalipatikana kabla kahawa haijapoa: chungwa, tena iwake sana! Jildou akaiwasha rangi kwenye kompyuta ya mapokezi. Tjeerd, mwenzake, akashuka kusahihisha, maana yeye mstari wake ulikuwa safi.

"Anza na mimi," alisema Mkurugenzi.

"Mwongozo unasema kwa alfabeti, bosi, asipendelewe mtu." Tjeerd akateremsha macho kwenye mistari iliyowaka. "Brandsma... hii hapa. Tayari. Nenda, Jildou, kimbia!"

Lango likafunguka. Jildou hakungoja kuambiwa mara mbili. Leo angewahi. Alikuwa ameshashika baiskeli alipoisikia sauti ya Mkurugenzi ikipenya mlangoni.

"Mbona unafunga kompyuta? Wezelaar bado!"

"Muda wa kazi umekwisha, bosi," alijibu Tjeerd.

"Basi kesho asubuhi, mapema!"

"Kesho siji. Ni siku yangu ya kukaa na mtoto wangu. Wewe mwenyewe uliniidhinishia."

Kiti kikaburutwa sakafuni.

"Karibu uketi, mgeni," alisema Bwana Sewnarain.