Fundi wa Kulainisha Magazini

Ulimi hakuingia duka la silaha kununua silaha. Alifuata kiyoyozi. Nje, alikoegesha pikipiki yake nyekundu, jua linachoma mpaka lami inanata kwenye soli, na yeye koti havui, maana mtu asiye na kazi akishavua koti, atabaki na nini?

Jina la Ulimi alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Lakini siku hizo alikuwa na shida ambayo maneno matupu hayakuitosha. Mjomba wa mchumba wake, mkaguzi mstaafu wa mizani, mzee asiyeamini hata kilo ya chumvi mpaka aipime mwenyewe, alikuwa ametoa hukumu: "Nataka kuona kitambulisho cha kazi. Chenye picha, chenye mhuri. Jumamosi ya wiki ijayo. Bila hicho, binti yetu haendi popote."

Basi Ulimi amekaa kwenye benchi la duka, anajipepea na karatasi ya matangazo, ndipo akamwona Meja.

Huyu Meja, tuelewane, hakuwahi kuwa meja. Hata kuruta hakuwahi kuwa. Alishona sare za askari miaka kumi, mwisho akajishonea ya kwake, akafungua kampuni ya ulinzi. Siku hiyo yuko kaunta na maboksi ishirini ya magazini mpya za bastola, vile vikasha vyembamba vya chuma vinavyobeba risasi na kuingia kwenye mpini. Kafungua boksi moja, anajaribu kujaza. Risasi tisa ziliingia kwa adabu. Ya kumi ikagoma. Meja akasukuma, akavimba mashavu, dole gumba likawa jekundu kama nyanya.

"Mbovu hii!"

"Si mbovu, mzee," muuzaji akasema. "Mpya tu. Springi bado kali."

Mpya tu! Ulimi akasikia maneno hayo mawili, na ndani yake akaona picha yake na mhuri juu.

"Samahani, afande," akasogea, akafunga kifungo cha koti. "Hizo mmeshazilainisha?"

"Kuzi... nini?"

"Mungu wangu, afande anajaza magazini mbichi!" Akashika kichwa kama mtu aliyeona mtoto mchanga anapewa nyama. "Springi mpya ni kama punda mpya. Humbebeshi mzigo siku ya kwanza. Utamvunja yeye, au atakuvunja wewe. Tazama dole lako!"

Meja akalitazama dole lake. Kweli, lilikuwa ushahidi.

Muuzaji akafungua mdomo. Ulimi akamwangalia kwa huruma. "Huyu atakwambia? Kazi yake kuuza." Muuzaji akaufunga, kwani kazi yake ilikuwa kuuza kweli, na mteja alikuwa bado hajalipa.

"Wewe unajua kulainisha?" Meja akauliza.

"Siku saba, afande. Mafuta maalumu, joto la polepole, na mapumziko. Hasa mapumziko. Hiyo ndiyo siri yenyewe."

Hapo Ulimi hakusema uongo. Mpango wake ulikuwa mapumziko mwanzo mwisho.

"Na malipo?"

"Nipe ya mafuta tu. Mimi nataka heshima. Nikirudisha kazi safi, unipe cheo, Mshauri wa Silaha, na kitambulisho chenye picha."

Meja, mtu aliyejishonea cheo mwenyewe, hakuona ubaya wa mwenzake kuomba.

Kule kwenye kampuni, funguo za ghala zilikuwa kiunoni kwa mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba, wote wanamwita Mama Stoo. Alikuwa ameomba magazini arobaini, Meja kanunua ishirini. Walinzi wengine wangeendelea na zile kuukuu, ambazo mwezi uliopita ziliwaaibisha. Bastola ya mlinzi wa zamu ilikohoa mara moja ikanyamaza, na mwizi akacheka mpaka akaacha alichoiba.

Mama Stoo akamsikiliza Ulimi hadi mwisho bila kupepesa.

"Kumbe zinalainishwa," akasema. "Mtu haachi kujifunza. Njoo kesho asubuhi, mwanangu, nikufungie vizuri."

Kesho yake maboksi ishirini yalikuwa tayari, yamezungushiwa utepe wa gundi. "Hakikisha, baba."

"Nani atamkagua mama yake?" Ulimi akacheka, akatia sahihi kitabuni: magazini mpya ishirini, zote nzima.

Siku saba yale maboksi yalilala chini ya kitanda chake, na yeye juu. Siku ya nane, Ijumaa, akakata utepe, akachungulia. Zinang'aa mafuta. Akapangusa moja kwa soksi, dhamiri ikaridhika, akaondoka.

Uani kwa kampuni kulikuwa na pipa la mchanga la kujaribia silaha. Meja kasimama na sare yake, kitambulisho kipya kinaning'inia mkononi mwake. Ulimi akakiona. Mate yakamjaa.

Mama Stoo akaanza kujaza. Risasi ya kwanza mpaka ya kumi, zote zikaingia kama maharage yanayodondoka chunguni.

"Umeona, afande?" Ulimi akapaza sauti. "Dole halijaguswa! Hiyo ni kazi ya mikono yangu!"

"Kweli ni mikono yako?" Mama Stoo akauliza.

"Yangu, mama! Kila moja nimeilainisha peke yangu!"

"Sawa. Nilitaka bosi asikie."

Meja akapiga kwenye mchanga. Pah! Akavuta tena. Tik. Akavuta tena. Tik. Mama Stoo akaleta ya pili. Pah, tik. Ya tano hata pah haikusema.

"Springi hazisukumi risasi juu," akasema Mama Stoo, anatikisa kichwa kama yuko msibani. "Zimechoka, bosi. Kijana kazilainisha mpaka zimekuwa uji."

"Mimi? Sikuzifanya lolote! Zimelala tu chini ya kitanda!"

Hata mlinzi wa geti aligeuka.

"Kwa hiyo," Meja akasema taratibu, "ama umeziharibu magazini zangu, ama umekula hela yangu ya mafuta bila kazi. Chagua moja niipeleke polisi."

Ulimi akachagua ya tatu: kulipa. Pikipiki yake nyekundu ikauzwa mchana uleule, na Mama Stoo mwenyewe akaenda naye dukani kununua nyingine ishirini.

"Sasa huyu nimfanye nini?" Meja akauliza waliporudi.

"Geti la nyuma, bosi. Wauza bima wanatusumbua kila siku. Huyu atawachosha kwa maneno."

Basi kitambulisho kikabadilishwa mstari mmoja. Mlinzi, Geti la Nyuma. Picha ileile, mhuri uleule.

Jioni, akimsaidia Mama Stoo kupanga ghala, macho ya Ulimi yakatua rafuni. Maboksi mapya. Akahesabu, akarudia. Arobaini. Na kwenye ndoo ya vyuma chakavu, zile magazini kuukuu, moja bado inanuka soksi yake.

Akakaa chini taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie ukweli. Magazini mpya zinahitaji kulainishwa?"

"Mwanzoni ngumu kidogo. Ukijaza na kutumia, inazoea yenyewe. Haina dawa wala fundi. Wewe ijaribu kwanza, uone inafanya kazi, ndipo uiamini." Akageuza ufunguo. "Hata watu nafanya hivyohivyo."

Jumamosi Ulimi alikwenda kwa miguu hadi kwa mjomba mkwe, akaweka mezani kitu cha kwanza cha kweli kutoka mfukoni mwake. Mzee akavaa miwani. Akasoma, akakwangua mhuri kwa kucha, akakiweka kiganjani kama anakipima uzito.

"Kimetolewa jana," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Kipya kabisa."

"Ndiyo tatizo lenyewe." Mzee akamrudishia. "Rudi baada ya miezi sita, kikishalainika."