Barua ya Boterham

Jumatatu, 3 Machi
Siri hii naijua mimi na shajara yangu tu. Ile barua ya mwaka 1561 niliyowaonyesha wenzangu wa chama cha historia, nimeiandika mwenyewe. Nikaipaka kahawa izeeke. Inasema boterham, kipande chetu cha mkate wa siagi, kilipewa jina hapahapa Elderbroek. Boter kwa Kiholanzi ni siagi. Ham ni konde letu la mtoni, ambako wakata nyasi walilishwa mkate huo. Kijiji kizima kimeamini! Mimi mwenyekiti nimepigiwa makofi, na kibao cha barabarani cha kutangaza sifa hiyo kinachorwa. Ila katibu wetu, Wubbo, hakupiga makofi. Aliuliza tu barua nimeitoa wapi. 

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Wubbo amemwita mtaalamu wa asili za maneno kutoka chuo kikuu cha Leiden. Anafika Alhamisi. Nikamwambia barua imechakaa, haifai kuguswa. Akasema usihofu bwana, mama huyo anakuja na glavu zake. Nimeshindwa kula. Mke wangu Geesje kauliza mbona sili. Nikasingizia mafua.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi nimegundua nimetumia kalamu ya biki, ambayo mwaka 1561 haikuwapo. Lazima niandike nyingine, kwa unyoya wa bata. Nikafunga mapazia ya sebuleni, mara ya kwanza tangu tuoane.

Nusu saa haikupita, kengele ikalia. Jirani Aaltje, na keki mkononi. Mtaa huu hakuna afungaye pazia mchana ila kwa msiba. Akampa Geesje pole, maskini mzee katutoka ghafla. Nyuma yake Wubbo, kofia kifuani. Wakaingia moja kwa moja kuniaga.

Wakanikuta mzima, unyoya mkononi. Mezani barua mbili za 1561, moja bado mbichi. Wubbo akasema kumbe marehemu anaandika vizuri. 

Alhamisi, 6 Machi
Nimevuliwa uenyekiti. Kaupata Wubbo. Mtaalamu alikuwa mpole, akasema wengi hudhani ham ni kipande kinene tu, lakini hakuna mwenye hakika. Kibao kimefutwa. Dukani watu wananipa pole ya kifo changu. Naona aibu, naogopa hata kutoka.

Ijumaa, 7 Machi
Sijalala, nimefikiri sana. Kosa lilikuwa karatasi.

Kiazi tunakiita aardappel, tufaa la ardhini. Ardhi ipi, kama si ya Elderbroek? Mtaalamu mwenyewe kasema hakuna mwenye hakika! Nimeshanunua patasi. Jiwe la kaburi la zamani liko nyuma ya kanisa, upande mmoja mtupu. Herufi zangu zitapinda, lakini za kale zilikuwa hivyohivyo.