Kuhusu Kudaiwa Sura Nisizokuwa Nazo

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Vitabu vya Watoto.

Salamu, na pole na kazi. Mimi ni mbeba zege katika jengo lenye turubai la kijani linalotazamana na ofisi yenu. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua kwa mgongo. Dirisha lako liko sawa na jukwaa letu, na huwa umeligeuzia kisogo. Bega lako la kushoto limeshuka kidogo, kama la mtu aliyezoea kusikiliza shida za wengine. Ndiyo maana nimewaruka wote walio chini yako.

Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, tulitofautiana mwendo.

Nimefanyiwa usaili mara mbili kwa kazi ya kuchora picha za vitabu, na mara zote mbili jopo lako limenikataa. Sikuomba kwa kutafuta sifa. Tangazo lenu la getini lilisema mchoraji atapewa kiti na likizo ya kila mwaka. Kiti ningeweza kukisamehe. Likizo siwezi. Kwetu ni mbali, na nina binti niliyemwacha mchanga. Sasa nasikia anakimbia na kuwajibu wakubwa. Huku kwenye zege likizo haipatikani mpaka mtu aanguke.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lilitaka mwombaji aje na jalada la kazi zake. Nikakata mbao mbili, nikazipiga msasa, nikazitia bawaba za mlango na komeo. Ndani nikapanga michoro yangu, ya penseli ya seremala kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Lilikuwa jalada la maana, nililibeba kichwani. Nilipolitua, kioo cha meza kikalia "ta!" kikapata ufa. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani ya kamba, akasema walitarajia kitu chepesi. Mheshimiwa, tangazo halikutaja uzito.

2. Hapa ndipo penye kidonda. Mama huyo alipindua mchoro mmoja baada ya mwingine: wabeba mizigo wakipanda ngazi, mwashi akipiga lipu, nyapara akiufokea ukuta. Akasema, "Mkono unao, kaka. Lakini mbona hazina sura?" Nikamjibu kwa adabu kwamba sura ni kazi ya mwandishi, mimi nimekuja kuchora. Vitabu vyote nilivyosoma shuleni, kimoja na nusu, vilikuwa na Sura ya Kwanza na Sura ya Pili, na sikusikia kwamba kuna mtu alizichora. Wakacheka mpaka mhasibu akafungua mlango kuuliza kuna nini. Mama akafuta miwani, akaniambia nirudi wiki inayofuata, "na sura."

3. Nikarudi nazo. Juu ya kila mchoro niliandika kwa herufi nene zenye kivuli, kama za mabango ya maduka: SURA YA KWANZA, SURA YA PILI, hivyo hivyo hadi mwisho. Safari hii hakucheka mtu. Bwana mmoja wa jopo, mwenye tai iliyopinda, akajivuta mashavu yake mwenyewe kwa mikono miwili: "Sura, ndugu yangu! Nyuso! Watu wako wote wametupa migongo!" Sasa kama alitaka nyuso, kwa nini hakusema nyuso? Kampuni ya vitabu ikipungukiwa na maneno, sisi wa zege tuyapate wapi?

4. Nilijitetea. Kwenye ngazi tunapanda kwa mstari, kila mtu na karai lake, na unachokiona kutwa ni mgongo wa aliye mbele. Akigeuka, zege linamwagika. Siku niliyosimama kumtazama mwenzangu usoni, nyapara, aliyenibandika jina la Picha kwa kuchora chora kwangu, alipaza sauti: "We Picha! Unambebea zege au unamposa?" Tena uso unaweza kukuchekea huku unakuchimbia shimo; mgongo ukichoka, umechoka. Na mtoto akitaka sana uso, si apindue ukurasa? Mtu huyo atakuwa upande wa pili.

5. Ili kuthibitisha, niliwaomba wanajopo wasimame waelekee ukutani. Wakakataa. Ila waliposimama kumwita mlinzi, waligeuka wenyewe, nami nikawawahi kwa penseli. Pale getini mama wa chai aliutazama mchoro akawataja wote bila kusita: "Huyu hanywi sukari, huyu harudishi kikombe, na huyu ndiye yule!" Ushahidi naambatanisha.

Kwa hiyo naomba jopo lipewe onyo, vitabu vyenu vyote vichapishwe upya watu wakiwa wamegeuka, na neno sura liachiwe waandishi. Wewe binafsi nakuomba usibadili mkao. Nimeshaanza kukuchora, bado kisogo.

Nisalimie jopo, mhasibu, mama wa chai na mlinzi, ambaye alinishika kola kistaarabu. Wenzangu wa jukwaani wanakupungia, ukigeuka utatuona.

Wako mtiifu, aliye ngazini,
Picha, mbeba zege.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua. Jana mama watoto alipiga simu, akasema binti yetu anataka achorwe na baba. Nikashika penseli. Kikaja kisogo kidogo na mkunjo wa kitambaa, maana siku niliyoondoka alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Nikajaribu tena, kikaja kisogo kilekile. Hapo sikuwa na utetezi. Nikaomba nitumiwe picha yake kwenye simu ya mwenzangu, nikaichora. Pua imetoka ya shangazi yangu na jicho moja limepanda, lakini ni sura. Juu yake nimeandika, safari hii bila kukosea: SURA YA KWANZA. Naiweka humu. Tafadhali futa namba 2 hadi 5, na mwambie yule mama aliuliza swali la haki. Namba 1 iache, uzito kweli haukutajwa. Mkiniita tena nitakuja, na jalada nitaliacha mlangoni. Mkishamtazama binti yangu, nirudishieni. Migongo bakini nayo.